Kudai matunzo ya mtalaka mahakamani: njia nilizopita na nyota ninazozipa

Kwa ujumla natoa nyota tatu kati ya tano, na zingekuwa nne kama si yule dalali wa mahakama, yule anayetumwa kukamata mali za mdaiwa. Narivyuu huduma nzima ya kukazia hukumu ya matunzo hapa Tanzania Bara, yaani ile safari inayoanza pale mahakama imeshasema mwanaume amlipe mtalaka wake kiasi fulani kila mwezi, mwanaume kaitikia vizuriii mbele ya hakimu, mwezi wa kwanza katuma, wa pili katuma nusu, wa tatu simu haipokelewi. Yangu mimi ilikuwa 150,000 kwa mwezi, na deni lilipofika 2,400,000 ndo nikasema basi, sasa tutaonana kwa karani.

Cha kwanza kujua kabla hujatoa hata nauli, mahakama haimfuatilii mtu kwa niaba yako. Hukumu inakaa kwenye faili na faili linakaa kabatini mpaka wewe mwenyewe upeleke maombi ya kukazia hukumu, na kwenye hayo maombi useme unataka wamkabe kwa njia ipi. Karani hatakuchagulia na hakimu naye hatakuchagulia. Unaweza kuomba mali zake zikamatwe ziuzwe, unaweza kuomba hela yake iliyoko benki au kwa mtu ambaye yeye anamdai izuiwe, unaweza kuomba akatwe mshahara, unaweza kuomba apelekwe gerezani kama mfungwa wa madai, yaani anafungwa kwa deni, sio kwa jinai. Sasa hapo ndo watu wanapopotea, mtu anachagua njia kwa hasira badala ya kuchagua kwa kuangalia hela ya huyo bwana inalala wapi. Kama hela yake ni mshahara, fuata mshahara. Kama ni bodaboda tatu mtaani, tafuta kadi za hizo pikipiki zina jina la nani. Ukikosea hapo utakuwa unalipia tu kontrol namba na kupanda daladala.

Kuhusu sheria yenyewe nisirefushe. Ni Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 115 ndo kinaipa mahakama mamlaka ya kuamuru mume amtunze mke au aliyekuwa mke, na hiyo amri inaweza kutolewa wakati wa talaka au hata baada ya talaka kutoka. Kifungu cha 116 kinasema hakimu aangalie uwezo na mahitaji ya kila mmoja, nani alichangia zaidi ndoa kuvunjika, na mila za jamii mnayotoka. Wanaume mnaocheka hapo nyuma, na nyie mmo humo, kama mume ana ulemavu au ugonjwa hawezi kujitafutia, mahakama inaweza kuamuru mke ndo amtunze. Na dada zangu mjue mkiolewa tena matunzo ya mtalaka yanakoma, sio siri na sio uonevu, ndo sheria ilivyo.

Hapohapo niingize kitu ambacho kingenipunguzia maneno mengi sana. Hakikisha kwenye hukumu hela ya watoto imetenganishwa na hela yako. Watoto wana Sheria ya Mtoto ya 2009 na haki yao haina uhusiano wowote na wewe kuolewa au kutokuolewa. Kwenye yangu imeandikwa mistari miwili tofauti, hii ya watoto, hii ya mama yao, na ndo maana baba watoto alivyokuja na hadithi kwamba "ameshapata bwana mwingine huyo" hakimu alimwuliza swali moja tu, watoto nao wamepata baba mwingine? Ukumbi mzima kimya.

Haya tuje kwenye huduma zenyewe.

Wakili wa kulipa, nyota mbili. Simtaji na wala sina ugomvi naye, kesi ya talaka aliifanya vizuri, shida ilikuja kwenye kukazia. Alinichaji upya kama vile ni kesi mpya kabisa, sawa, nikalipa, alafu siku ya kutajwa kwa shauri anakuja kijana wa ofisini kwake anaomba tarehe nyingine, tarehe ikifika anakuja kijana mwingine naye anaomba tarehe nyingine. Maombi ya kukazia kwa kesi ya kawaida isiyo na mbwembwe sio kitu kigumu kiasi hicho, unahitaji nakala ya hukumu na dikrii (ile amri rasmi inayotokana na hukumu), hesabu ya deni, na taarifa za mdaiwa. Wakili anakuwa wa muhimu sana pale ambapo upande wa pili umeleta pingamizi au kuna nyumba na viwanja ndani yake. Kwa mtu mwenye deni la milioni mbili ukishamlipa wakili utabaki na nini? Piga hesabu kwanza.

Msaada wa kisheria wa bure, nyota tano, na naandika hivi kwa moyo wangu wote. Tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria tangu 2017 na inawatambua mpaka wale wasaidizi wa kisheria wa kwenye kata, sio lazima awe wakili mwenye joho. Kuna TAWLA (chama cha wanasheria wanawake), kuna WLAC (kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake), kuna LHRC (kituo cha sheria na haki za binadamu), na toka 2023 kuna ile kampeni ya Mama Samia ya msaada wa kisheria inayozunguka mikoani, kwa hiyo usiseme huna pa kwenda. Dada aliyenisaidia mimi (taasisi siitaji, naye hakuniomba sifa) alichukua karatasi nyeupe akachora jedwali, mwezi, kilichotakiwa, kilicholipwa, kilichobaki. Alafu akaniambia nenda kachukue taarifa ya miamala ya simu yako ya kipindi chote hicho maana huyu atakuja kudai alikuwa anatuma. Na kweli alikuja kudai alikuwa anatuma! Kuna 30,000 alinitumia siku ya sikukuu akataka ihesabiwe mara mbili. Jedwali lilimaliza ubishi palepale, sikuongea sana wala sikulia.

Ndo maana ushauri wangu hapa ni kwamba msikubali hela ya mkononi. "Nimempa mdogo wako", "nilimwachia dogo dukani", hizo achana nazo. Ipite benki au kwenye simu, jina lionekane na tarehe ionekane.

Sasa dalali wa mahakama. Hapa nakaa kidogo.

Kwanza kwa haki, madalali wa mahakama wana utaratibu wao, kuna kanuni za 2017 zinazowasimamia wao na wapeleka hati, kuna malipo yao yaliyopangwa na kuna pa kuwashtaki wakifanya vituko. Kwa hiyo sisemi madalali wote, nasema huyu aliyepewa kazi yangu. Alipopokea amri ya kukamata mali alinipigia akauliza, mama una usafiri wa kubebea mizigo? Usafiri wa kubebea mizigo niutoe wapi mimi, si ndo maana nadai matunzo? Nikaambiwa gharama za kwenda, kubeba na kutunza vitu lazima zitangulizwe, baadae zinajumlishwa kwenye deni mdaiwa azilipe. Kimaandishi inaeleweka, lakini kimfuko wewe ambaye huna kitu ndo unatakiwa utangulize.

Tukafika kwa baba watoto. Sebuleni kuna tivii kubwa ukutani, sofa mpya bado zina nailoni, friji la milango miwili, jiko la gesi. Dalali anaandika kwenye karatasi yake, kijana wake anahesabu, mi moyo unadunda nasema leo nimepona. Anatoka mke mpya chumbani na bahasha ya kaki, anatoa risiti moja moja anaziweka mezani kwa utaratibu kabisa, tivii jina lake, friji jina lake, sofa jina lake, mpaka pasi jamani, pasi ya umeme ina risiti. Hakutukana hakufokea, alisema tu "shikamoo dada, hivi vitu ni vyangu". Nikaitikia marahaba, ningefanyaje.

Sheria inamruhusu. Mtu wa tatu akisema mali iliyokamatwa ni yake anapeleka pingamizi, mahakama inasikiliza, na wakati huo uuzaji unasimama. Ikawa kesi ndani ya kesi. Mwisho wa siku kilichobaki ambacho hakina ubishi ni redio ya zamani na baiskeli. Na kingine ambacho watu hawaambiwi, kwenye Sheria ya Mwenendo wa Madai kuna vitu havikamatwi hata iweje: nguo za kuvaa, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, vifaa vya mtu kufanyia kazi yake kama ni fundi, na nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake. Narudia hiyo ya nyumba maana kila siku naona watu wanatishiana, "nitauza hiyo nyumba uliyomwekea mwanamke". Huuzi. Kiwanja kingine alichokinunua kule na hakijajengwa, hicho ndo cha kukitafuta, au nyumba anayopangisha, au gari ambalo kadi inasoma jina lake.

Kwa hiyo njia ya kukamata vitu vya ndani kwa deni la matunzo ya kila mwezi, nyota moja. Labda huyo bwana awe na duka lenye mzigo au ng'ombe zizini, vitu ambavyo vinaonekana ni vyake na vinauzika.

Kumpeleka gerezani kama mfungwa wa madai, nyota mbili na nusu. Najua ndo njia mnayoipenda, mi mwenyewe niliiwaza usiku nikatabasamu. Ila sikilizeni inavyofanya kazi. Hakamatwi tu hivi hivi, anaitwa kwanza aje aeleze kwa nini asipelekwe, na mahakama inataka kuona kwamba ana uwezo na anakataa kwa makusudi au anaficha mali au anajiandaa kukimbia. Mtu asiye na kitu kweli hafungwi kwa sababu ya umaskini wake. Alafu hii sasa, anayelipa posho ya chakula chake akiwa gerezani ni wewe uliyeomba afungwe. Ndio, wewe unayedai hela ya kula. Muda wenyewe hauzidi miezi sita, na akitoka deni lipo palepale halijapungua hata shilingi. Kama ana kazi ya kuajiriwa na ukamfunga, ajira ikaota mbawa, umebaki na nini?

Lakini siipi nyota moja kwa sababu ule wito wenyewe una nguvu yake. Mimi baba watoto siku alipopelekewa wito wa kuja kueleza kwa nini asifungwe, wiki hiyohiyo simu zikaanza kupokelewa. Shemeji yangu mkubwa, ambaye kipindi chote alikuwa anasema hayo ni ya kwenu wawili, akanipigia akasema "shem tuyamalize kifamilia". Laki tano ikaingia. Kwa hiyo kama kitisho inafanya kazi, kama njia ya kupata hela kila mwezi haifai.

Kuzuia hela benki, wenyewe wanaita ganishi, sina cha kurivyuu sana maana sikuitumia. Inamfaa mtu anayedai mfanyabiashara mwenye akaunti yenye hela ya kueleweka au anayedai watu wengine kwa maandishi, mfano kampuni inayotakiwa kumlipa kwa kazi aliyoifanya. Unatakiwa ujue akaunti iko benki gani, na lazima uwahi, maana akinusa tu anahamisha.

Sasa makato ya mshahara. Nyota tano, zingekuwepo saba ningetoa saba.

Baba watoto ni mtumishi wa halmashauri, sitaji ipi. Nilivyorudi kwa yule dada wa msaada wa kisheria na stori za risiti za pasi, akaniuliza swali ambalo hamna mtu aliwahi kuniuliza, cheki namba yake, ile namba ya utumishi kwenye mshahara, unayo? Ninayo wapi jamani, lakini nikakumbuka kuna mkopo tuliwahi kuchukua wakati wa ndoa, na kwenye zile fomu za mkopo kuna nakala ya salari slipu yake, cheki namba hiyo hapo juu kabisa. Kwa mtumishi wa umma hiyo namba ndo kila kitu. Tukaandika maombi upya, tukaomba amri iende kwa mwajiri wake akate kiasi fulani kila mwezi mpaka deni liishe, na ile 150,000 ya kila mwezi nayo iende moja kwa moja. Mahakama ikamwita ajibu, akaja na maneno ya mikopo mingi, akaonyesha makato ya benki na ya saccos. Hakimu akaangalia, akasema kuna sehemu ya mshahara ambayo sheria inamwachia mtumishi aishi nayo, hiyo haiguswi, tukakubaliana makato ya deni yawe madogo yaende taratibu. Sikupata 2,400,000 kwa mkupuo kama nilivyokuwa naota. Ila napata hela kila mwezi, tarehe ya mshahara ikifika na mi simu yangu inalia, simpigii mtu, simbembelezi mtu, sisomi meseji za "vumilia kidogo". Hiyo raha hamuijui nyie mnaotumiwa kwa hiari.

Ugumu uliokuwepo ni kwa ofisi ya mwajiri, amri ilifika ikakaa. Afisa utumishi anasema haijafika kwake, masjala wanasema ilishapanda juu, juu wanasema irudi kwa mwanasheria. Hapo ndo ujue umuhimu wa kuhakikisha amri imepelekwa rasmi na nakala imegongwa muhuri wa kupokelewa. Ukiwa na muhuri na tarehe unaongea kwa adabu lakini unaongea. Kwa walioko sekta binafsi msichukulie kwamba njia ni hiihii neno kwa neno, nendeni mkaulize kwanza msaada wa kisheria, maana utaratibu wa mshahara wa mtumishi wa umma una kanuni zake.

Kwa ambao bado mko kwenye kesi ya talaka na hukumu haijatoka, nyie ndo mna bahati kuliko mimi. Ombeni mapema mambo haya. Moja, mahakama ikiamuru matunzo inaweza pia kuamuru yawekewe dhamana, yaani mali fulani ya huyo bwana ifungwe kwa ajili ya hayo malipo, mfano nyumba ya kupangisha kodi yake iende kwenye matunzo, na ikiwa hivyo hata akinuna kodi inaingia. Jingine, mnaweza kukubaliana alipe kwa mkupuo au akupe mali badala ya kulipana kila mwezi mpaka mzeeke, ila hayo makubaliano yapelekwe mahakamani yaridhiwe, yasiishie kwa mjumbe na kwenye karatasi ya daftari. Na msichanganye hii na mgao wa mali mlizochuma pamoja, huo ni kifungu cha 114 na ni haki nyingine kabisa, toka ile kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983 kazi za nyumbani zinahesabika kama mchango. Kuna wanawake wanakubali "nitakuwa nakutumia kila mwezi" wanaachia nyumba. Usiachie nyumba kwa ahadi ya mwezi.

Mazingira ya huduma, maana rivyuu bila hiyo haijakamilika. Mahakama niliyokwenda viti vichache, choo hakina maji, lakini karani mmoja mama mtu mzima alikuwa anawaelekeza watu kama wanawe. Kiswahili ndo lugha ya mahakama kisheria toka 2021 na nakala zangu nilipata za Kiswahili nikazisoma mwenyewe usiku bila kumpelekea mtu anitafsirie. Malipo yote ni kontrol namba, ukiona mtu anataka umtumie kwa namba yake ya simu ili faili "lisogee" ondoka. Kwa wa Dar, pale Temeke kuna Kituo Jumuishi cha masuala ya familia kilichoanza 2021, mirathi, ndoa na watoto, mahakama za ngazi tofauti ziko jengo moja mpaka Mahakama Kuu, na ustawi wa jamii wapo hapohapo, kwa hiyo kama kesi yako bado haijafunguliwa anzia huko uulize. Zanzibar nyie Sheria ya Ndoa hii ya Bara haiwahusu, kwenu mambo ya ndoa za Kiislamu yanaenda Mahakama ya Kadhi, msije mkaenda kumtajia kadhi kifungu cha 115 mkaonekana wa ajabu.

Mwisho, jiandae na maombi ya kupunguza. Hali ikibadilika yeye ana haki ya kurudi mahakamani kuomba amri ibadilishwe, kama vile na wewe una haki ya kuomba iongezwe maisha yakipanda, asichoruhusiwa ni kujipunguzia mwenyewe kimyakimya. Wa kwangu ameshapeleka yake, anasema kipato kimeshuka. Mimi nimeomba mahakama iagize barua kwa mwajiri wake ieleze mshahara wake wa sasa, maana nimesikia amepandishwa daraja.